Baridi Inayochekesha

Mwende wangu,

Sitakuuliza hali, kwa maana hali yako naisikia kutoka hapa nilipoketi. Uko ng'ambo ya barabara kwa Mama Hodan, wasichana wake wanakupaka hina, na kicheko chako kinafika mpaka jikoni kwangu. Baba yako amejilaza. Stima imepotea tangu asubuhi, feni imesimama, jasho linadondokea karatasi, kwa hiyo ukikuta herufi zimevuja usije ukasema mama alilia. Nitalia kesho mkishavuka daraja la Tana. Leo nina kazi ya kuandika.

Habari za nguo nzito, za kula vizuri, za kusali na za kupiga simu, shangazi zako wamezisema mpaka wewe mwenyewe unaweza kuzikariri. Mimi nina jambo moja tu, nalo ni kwamba naogopa. Tangu juzi, mwanangu. Chakula kinanishinda, na baba yako akinigusa bega nashtuka.

Juzi ndipo uliponionyesha kwenye simu chumba utakachofanyia kazi huko Taiwan, katika hiyo kampuni inayotengeneza mazabodi, zile bodi kuu za kompyuta. Ulikuwa na furaha huwezi hata kukaa. "Mama, ona hiyo meza! Ona bodi zilivyopangwa!" Mimi meza niliitazama kidogo tu, kisha nikaanza kutafuta dirisha. Sikuliona. Nikakuuliza, ukaniambia hakuna, chumba kiko chini ya ardhi, ndiyo maana kina ubaridi mzuri. Vijana walikuwa wanamimina nitrojeni, ile ile baridi ya mtungi wangu, kwenye vikombe vya shaba, moshi mweupe unawamwagikia miguuni, na mlango nyuma yao umefungwa. Nao walikuwa wanacheka. Nikakurudishia simu nikasema nakwenda kuangalia maharagwe. Hakukuwa na maharagwe, Mwende. Nilisimama pale jikoni nimeshika sufuria tupu.

Usifikiri mama yako ni mwoga wa kila kitu. Baba yako alipopangwa kufundisha Lafey, kule mpakani mwa Somalia, na mnara wa simu wa kule ukawa unazimika ovyo, nilijifunza kuogopa huku nakanda chapati. Sisi tuliotoka bara tukaishi huku Garissa tunajua kuogopa barabara, tunajua kuogopa basi lililochelewa na simu inayolia kutoka namba usiyoijua. Hofu hizo nimezila na kuzimaliza. Basi likisimamishwa pale kwenye kizuizi nikaulizwa kitambulisho, natoa kitambulisho nauliza bei ya ndizi. Lakini hii nyingine haisimamishi mtu. Haina harufu, haina rangi, haiumi. Inakuchekesha, basi.

Kazi yangu unaijua kwa sababu imekulea. Tangu niache ya serikali nikaanza yangu mwenyewe, mtungi wa nitrojeni umekaa barazani kwetu kuliko hata viti. Ndani yake mna ile mirija midogo ya mbegu za madume, imegandishwa, nami nazunguka nayo kuwapandisha ng'ombe wa watu. Mara ya kwanza nilipofika nayo Kotile, Mzee Abdi mwenye ng'ombe alilizunguka gari langu akichungulia nyuma na chini.

"Daktari, dume iko wapi?"

"Iko ndani ya mtungi, mzee."

Akanitazama, akautazama mtungi, akawageukia wanawe. "Huyu mama jua nambiga kichwa," akasema.

Ndama wa kwanza alipozaliwa, alimpa jina Mtungi. Tangu hapo tukawa marafiki, na ndiyo sababu siku ile alikuwa ndani ya gari langu. Kisa hiki unakijua, lakini nisikilize tena. Vumbi lilikuwa jingi nikapandisha vioo vyote. Nilifundishwa nisifanye hivyo. Nitrojeni inachemka muda wote ndani ya mtungi, inatoka kidogo kidogo, inachukua nafasi ya hewa unayoivuta, kwa hiyo kioo kimoja lazima kiwe wazi. Nilijua vizuri. Lakini vumbi la njia ya Kotile nalo unalijua, na kifuniko cha mtungi siku hiyo kilikuwa kimelegea. Basi nikaanza kuimba. Nikaimba za kwaya, nikahamia za harusi, huku napiga usukani makofi. Haki ya Mungu sijawahi kufurahi vile, hata siku yangu ya harusi. Mzee Abdi alikuwa na tumbaku mdomoni, akashusha kioo ili ateme. Upepo ukaingia na furaha yote ikanitoka pu! Nikaona gari limeacha barabara, linaelekea vichakani, na mimi nimekanyaga mafuta.

"Daktari," akasema mzee, tena kwa upole, "wewe leo nakunywa nini?"

Nilipofika nyumbani niliwasimulia wewe na baba yako, tukacheka mpaka ukajishika mbavu. Nilikuimbia tena zile nyimbo. Ile sehemu ya kioo niliipita haraka, kwa sababu haikuwa ya kuchekesha. Utanikumbuka kama mama mwenye hadithi nzuri, lakini ningetaka zaidi unikumbuke kwa kioo.

Kisha likaja hili lako la bodi. Ile ya kwanza ilikuja kwa gari la vifurushi kutoka Nairobi, mtumba, imeviringishwa blanketi, na baba yako akauliza kompyuta yenyewe iko wapi. Ukasema ndiyo hii. Ukaitandaza uchi juu ya kreti ya soda, na ile mijengo yake ya vyuma, na kile kidirisha chenye tarakimu mbili kinachokuambia inaumwa wapi. Mimi nilikipenda kile kidirisha. Nilikuambia ng'ombe wangekuwa nacho ningelala usingizi. Ukanieleza kwamba bodi za watu wa kawaida zimefungwa breki, lakini hizi zimeundwa kwa ajili ya watu wasiotosheka. Zinakuacha uipe prosesa, ule ubongo wa kompyuta, umeme mwingi, uikimbize kupita mwendo ulioandikwa na walioiunda, mradi usiiache ipate joto, na anayeikimbiza kuliko wote duniani ndiye mwenye rekodi. Aka! Isipate joto, Garissa! Nikakuambia kweli umechagua mji.

Ulikuwa unaamka alfajiri kabla jua halijashika mabati, unaikimbiza, na jua likishapanda mashine inajizima yenyewe, nawe unaingia kunywa chai umenuna. Kisha siku moja nilikuwa najaza mtungi, ukaja ukasimama kando yangu, mikono nyuma.

"Mama, hiyo baridi yako ni baridi kiasi gani?"

Nisikudanganye, nilijivuna. Miaka yote hiyo ulikuwa unaziba pua nikirudi kutoka zizini, leo unataka kitu changu. Nikakupa iliyobaki, nikakufundisha kuvaa glavu, nikakuonyesha jinsi ya kumimina isikurukie machoni. Fundi wa sokoni akakuchongea kikombe cha shaba cha kusimamisha juu ya prosesa. Uliposema bodi lazima ipakwe mafuta mazito ili umande usiingie kwenye nyaya zake, nilikupa yangu ya kukamulia, yale tunayowapaka ng'ombe chuchu. Tuliketi tukapaka pamoja, kidole changu na chako, kuizunguka ile prosesa. Hiyo ilikuwa siku nzuri. Na siku hiyo yote, kwa mdomo wangu huu unaoongea kutoka asubuhi hadi jioni, sikukuambia usifunge dirisha. Niliona ni jambo linalojulikana, kama vile mtu haambiwi avue viatu kabla ya kuoga.

Sasa ile siku ya stoo. Mama Hodan ameisimulia kila harusi, watu wanaangua kicheko, nami nacheka nao kwa sababu nitafanyaje. Leo nitaisimulia mimi, na haitakuwa na kicheko.

Nilikuwa nimetoka mashamba ya mtoni, nimechoka, ndiyo kwanza navua viatu. Mama Hodan akaingia mbio, dumu la maziwa ya ngamia bado liko mkononi, anaongea kwa kunong'ona, na yeye hajui kunong'ona.

"Abaayo, dada yangu, wallahi, mtoto yako iko na mtu ndani ya stoo. Mlango nafungwa. Nasikia nacheka, nacheka, nacheka."

Damu ilinipanda kichwani. Nilichukua mwiko wa ugali. Nikanyatia, mimi mbele, yeye nyuma, tukasimama mlangoni pa stoo tumetega masikio. Na kweli ulikuwa unacheka. Mcheko laini, wa mtu anayenong'onezwa. Nilijiambia leo nitamjua huyo kijana ni wa nani. Ningaliita jina lako, mambo yangalikwisha pale pale. Sikuita. Nilimwashiria Mama Hodan anyamaze, kwa sababu nilitaka kuwafumania.

Kisha kicheko kikakoma.

Unajua nilifikiri nini? Nilifikiri wamenisikia. Nilifikiri sasa amejificha nyuma ya magunia, ameshika pumzi. Nikatabasamu, Mwende. Nikasimama nje ya mlango ule na mwiko wangu, natabasamu, nangoja mtu atokee, na wewe ndani umeanguka kifudifudi. Mimi niliyeimba kwenye gari. Mimi niliyejua furaha ile inatoka wapi. Nilikuwa nimesimama hapo kwa muda gani, Mama Hodan anasema kidogo tu. Kwangu mimi bado nimesimama.

Nilipousukuma mlango ulikataa, kwa sababu ulikuwa umebana leso mbichi chini yake, vile tunavyofanya sote hapa kuzuia vumbi na kupoza chumba. Dirisha nalo ulilifunga kwa misumari makusudi, mwanangu mwenye akili. Nikapiga bega ukafunguka. Ukungu ulikuwa magotini. Sikuona kijana yeyote. Niliona kisigino chako. Nikajitupa ndani, nikainama kukuinua, na miguu ikaniishia nguvu hapo hapo, sikusikia hata maumivu. Mtu aliyeniokoa ni Mama Hodan, ambaye alikuja kwa umbea tu, Mungu ambariki kwa umbea wake. Alinishika gauni nyuma akanivuta nje kama mbuzi. Upepo uliponipiga usoni nikapata sauti moja tu: "Dirisha!" Akazunguka nje, akalipiga lile dirisha kwa dumu la maziwa mpaka likaanguka ndani, maziwa yakamwagika yote ukutani. Upepo wa moto wa Garissa, ule tunaoutukana kila siku, ukaingia. Ndipo tukakutoa, tukakulaza vumbini.

Midomo yako ilikuwa rangi ya majivu. Nilikupiga mashavu. Nilikutikisa. Mama Hodan alikuwa anasoma dua, mimi naita Yesu, tunapishana. Kisha ukakohoa, ukafumbua jicho moja ukasema, "Mama, nimefika ngapi?"

Ulikuwa unauliza rekodi! Nilikuzaba kofi, kisha nikakukumbatia hivi kwamba Mama Hodan alilazimika kunibandua ili upate hewa. Hapo ndipo harusini watu huanguka chini kwa kucheka. Mimi kila ikifika hapo huangalia pembeni.

Nilitaka kuuza mtungi. Nilitaka kuitia bodi yako shimo la choo. Baba yako ndiye aliyesema, kama ni hewa tatizo, hewa si iko nje? Basi ukahamishia kila kitu uani, chini ya turubai, mimi nimeketi kando na kofia yangu nikikulinda. Mbuzi wa Mama Hodan wanapita, mmoja anataka kula waya, upepo unapeperusha moshi wa nitrojeni hadi barabarani, na watoto wa madrasa wamejipanga ukutani wanashangilia. Ukaanza kurekodi video. Na watu wa mbali wakapenda kumwona msichana anayegandisha prosesa kwenye mji unaochoma nyayo, mbuzi nyuma yake. Hatimaye wakakuandikia wenye kampuni. Uoga wangu ndio uliokutoa nje, huko nje ndiko walikokuona, na sasa wanakuchukua wakakutie ndani, chini ya ardhi.

Wiki hii nimefikiria kukuzuia. Nimepanga hata ugonjwa nitakaougua. Nilikuwa nimechagua mgongo, kwa sababu mgongo hakuna anayeweza kuupima akasema unadanganya. Nikamwambia baba yako. Hakunikemea. Alisema, "Mama Mwende, huyo amekwisha kwenda. Kilichobaki ni mwili kupanda ndege." Nikamchukia kidogo, kisha nikaenda kukupigia pasi nguo.

Kwa hiyo nenda. Umesema ukutani kuna chombo kinacholia hewa ikipungua. Vizuri. Siku ya kwanza uliza nani hukikagua, na mara ya mwisho alikikagua lini, na usitosheke ukijibiwa kwa kuinuliwa mabega. Waombe mlango uwe wazi. Watakucheka, watasema huyu mshamba ametoka wapi, na wewe waambie ukweli, mama yangu ni kichaa wa madirisha. Nisingizie mimi, sina haya tena. Ukijikuta unacheka na hujui unachocheka, acha kikombe, acha rekodi, toka. Mwenzako akifurahi kupita kiasi, mtoe. Na mtu akianguka usimwinamie kama nilivyofanya mimi. Piga kelele kwanza, fungua kwanza. Najua namwambia mtu ambaye angeona kisigino cha mama yake angeruka ndani bila kufikiri. Hata hivyo nimesema, na safari hii nimesema na sehemu ya kioo.

Kuna jingine, ambalo nimeona aibu kulisema kwa mdomo.

Tangu siku ile nimekuwa nakuita. Uko bafuni, nakuita. Umelala mchana, nakuita. Umeziba masikio kwa muziki uani, naita mpaka majirani wanaitika. "Mwende!" Nawe, "Ee mama, nini tena?" Nami nasema hakuna kitu, au nasema niletee chumvi. Umekasirika weee! Jumapili nilikusikia ukimwambia baba yako kwamba mama anazeeka, anaita mtu halafu anasahau alichomwitia. Sijasahau kitu, mwanangu. Sikuwa nataka chumvi, na chumvi tunayo ya kutosha mpaka Krismasi. Nilikuwa nataka kusikia ukiitika, basi. Ukishaitika naweza kurudi kwenye shughuli zangu kwa muda, kisha hofu inapanda tena, naita tena.

Kesho jioni nitaita, najijua. Mdomo utaita kabla akili haijakumbuka, na baba yako atajifanya hajasikia. Wewe huko tafuta mtu mmoja, awe mwanamke au mwanamume, awe wa dini yoyote, mfundishe kulitamka jina lako, na umwombe akuite akiwa nje ya mlango kila mara unapofanya kazi na baridi hiyo. Atakuudhi kama ninavyokuudhi. Hata mikono ikiwa na kazi, hata rekodi ikiwa imekaribia, hata ukiwa umemkasirikia, akikuita, itika.

Mama